Kidole au Kiganja

Ndululu alipiga ngoma miaka thelathini bila kuikatiza hata siku moja. Watu wa Matinyani, huko Kitui, walimsifu kwa hilo, na kwenye sherehe walimwita mbele wakampigia makofi. Yeye aliinamia ngoma yake. Alijua kwamba hiyo sifa ndiyo aibu yake, na kwamba mtu mmoja tu chini ya jua alikuwa na haki ya kumkumbusha. Huyo alikuwa mke wake, Kavata. Kavata alikufa mwaka wa themanini na tatu, kabla ya mvua za Machi.

Kwanza ieleweke desturi yenyewe. Kwa wachezaji wa kwao ngoma haiachwi hivi hivi. Kiongozi ana filimbi. Filimbi ikilia ndefu, ngoma inanyamaza. Isipolia, mpigaji anapiga, hata ngozi ya mkono ichubuke. Mpigaji akiacha mapema, kikundi kimeshindwa hapo hapo, na yeye atachekwa mpaka wajukuu.

Mwaka wa sitini na sita walikwenda Kathonzweni kushindana. Mutiso, ndugu mdogo wa Kavata, alikuwa na miaka kumi na mitano na ndiye aliyeruka juu kuliko wote. Kavata alikuwa amesimama nyuma ya mume wake, mtoto wao Ndila mgongoni. Hakuwa akitazama. Alikuwa akisikiliza njuga.

Njuga hufungwa miguu yote miwili. Mchezaji akitua sawa, zote hulia pamoja: cha! Lakini mguu wenye maumivu hutua kwa woga, hata kama mwenyewe anatabasamu. Hapo njuga hulia mara mbili: cha-cha. Ya pili imechelewa. Ni kitu kidogo sana. Kavata alikisikia.

"Baba Ndila, acha ngoma," akasema. "Mguu wa Mutiso unachelewa."

Ndululu akapiga.

"Baba Ndila! Acha ngoma!"

Ndululu alisikia. Hakuna aliyeziba masikio yake. Lakini filimbi haikuwa imelia, watu walikuwa wanapiga vigelegele, na nani anaacha ngoma kwa sababu ya mke wake? Akapiga. Mutiso akaruka, akatua, na mfupa wa mbele ya mguu ukakatika. Sauti yake ilisikika kuliko ngoma.

"Mwaitu!" kijana akalia. Mama yangu!

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kuvunjika. Wanaume wenye ndevu, watu wa kuheshimiwa, wakamlaza chini, wakaleta mafuta ya ng'ombe ya moto, wakamkanda. Mfupa umekatika, na wao wanaukanda! Mmoja akavuta, mwingine akabonyeza, wa tatu akafunga kamba akakaza mpaka vidole vikawa vyeusi. Kavata alipiga kelele akaambiwa mambo ya wanaume hayajui. Mutiso alifika hospitali siku ya nne. Mfupa ulishika ukiwa umepinda. Tangu hapo anatembea kama mtu anayeshuka ngazi kwa mguu mmoja.

Wakarudi Kitui, Kavata na mtoto mgongoni. Walipofika nyumbani akaweka mtoto chini, akamtazama mume wake.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Hakuuliza tena maisha yake yote. Afadhali angeuliza kila siku.

Baada ya hapo Kavata akajipa kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Alikuwa amecheza ngoma katika usichana wake, na kiuno chake hakikunyooka tena sawa. Alijua maumivu yanavyoanza. Kila kikundi cha watoto kilipofanya mazoezi alikwenda na kigoda chake akakaa. Walimwita daktari wa njuga. Walimcheka. Alikaa.

Mtoto akisema anaumwa, Kavata alimuuliza swali moja tu: "Kidole au kiganja?"

Yaani nionyeshe panapouma. Mtoto akipitisha kiganja chote, huku na huku, juu ya paja au shavu la mguu, hapo ni uchovu. Alale, anywe maji, kesho atacheza. Lakini akiweka kidole kimoja mahali pamoja juu ya mfupa, akasema hapa, hapo mchezo umekwisha. Si kwa leo. Kwa wiki nyingi. Kavata hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini alikuwa ametazama miguu ya watoto wengi, na wale wa kidole ndio waliokuja kuvunjika.

Kulikuwa na kijana mmoja, Mbuvi, aliyeota kinundu chini ya pia ya goti. Akipiga magoti anaruka kama ameguswa na moto. Baba yake akasema ni uvivu, akachukua fimbo. Kavata akasimama katikati.

"Nipige mimi kwanza."

"Mama Ndila, ondoka. Huyu anajifanya."

"Huyu anakua. Mfupa wake umekimbia, mishipa imebaki nyuma inavuta. Mwache asiruke mpaka apige magoti bila kulia. Wewe ulipokuwa unakua ulichapwa fimbo kwa kurefuka?"

Watu wakacheka, baba naye akacheka, fimbo ikashuka. Mbuvi alipumzika miezi, akarudi, akacheza mpaka akaoa.

Aliwafundisha kutua. "Ukitua nisikusikie. Magoti yalegee. Tua kama paka aliyeiba nyama." Aliwazuia kuruka kabla miili haijapata joto; walizunguka uwanja kwanza, kwa mwendo, kisha mbio ndogo, mpaka jasho litoke puani. Aliwakataza kuruka siku mbili mfululizo. Aliwatuma wenye majembe wachimbue uwanja uliokauka na kuumwagia maji ili udongo uwe laini. Na kifundo kikivimba, alikifunga kitambaa kilicholowa maji ya mtungi, akaweka mguu juu ya kigoda, na mtu yeyote aliyekuja na mafuta ya moto alimfukuza kama kuku.

Kwa kazi hiyo kanisa lilimnyima Meza ya Bwana miaka miwili. Mchungaji alisema ngoma ni ya shetani na anayekaa nayo ni wake. Sawa. Halafu siku wageni wa serikali walipokuja kutazama ngoma, nani alikaa kiti cha mbele akipiga makofi? Mchungaji huyo huyo. Kavata alimwona. "Leo shetani amepewa ruhusa," akamwambia mume wake, akarudi kutazama miguu.

Alipokufa, Ndululu aliifunika ngoma kwa gunia akaiweka juu ya dari. Hakuna aliyejua kama ataishusha tena.

*

Mwaka wa themanini na nne mvua haikunyesha. Watu walikula mahindi ya manjano ya msaada, yale waliyosema yanaliwa na ng'ombe wa wazungu. Katikati ya shida hiyo chifu alipata wazo. Kitui mjini kungekuwa na mashindano ya vikundi vya watoto, na washindi wangekwenda Nairobi kucheza siku ya Jamhuri. Chifu alitaka lokesheni yake ionekane. Akamleta Kivuva, mwalimu wa ngoma aliyejulikana, mwenye filimbi shingoni. Akatuma watu kwa Ndululu.

Ndululu alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisikia kwamba watoto watakaocheza watapikiwa isyo kila siku ya mazoezi, mahindi na maharagwe, sahani ijae. Akafikiri: watoto watakula. Akashusha ngoma.

Alikuwa hajasikia sheria ya Kivuva. Aliisikia siku ya kwanza, sufuria ikitoa mvuke pembeni mwa uwanja na watoto kumi na wawili wakiitazama.

"Asiyeruka hali," Kivuva akasema. "Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Ona sasa. Mtoto ana njaa. Unamwonyesha sahani, halafu unamuuliza kama mguu unauma. Unategemea atakwambia nini?

Waliruka kila siku. Uwanja wa chifu ulikuwa umekauka kama kigae. Ndululu aliomba uchimbuliwe. Akaambiwa hakuna maji ya kumwaga chini wakati watu hawana ya kunywa. Hilo lilikuwa kweli. Akaomba basi waruke siku moja na kupumzika siku moja. Akaambiwa siku ya kupumzika hakuna isyo, na kama yuko tayari kuwaeleza mama zao, aende. Nalo lilikuwa kweli.

Aliyeruka kuliko wote alikuwa Mbula, msichana wa miaka kumi na miwili, miguu kama vijiti. Kivuva alimtungia mwisho wa mchezo: anapanda mabegani mwa wavulana wawili, ngoma inakoroma, kisha inapiga pigo moja kubwa, naye anaruka chini na kutua kwa mguu mmoja, mikono juu. Watu walipenda sana. Alirudia mara kumi na tano, mara ishirini kwa siku.

Wiki ya tatu Ndululu aliisikia. Alikuwa na mikono juu ya ngozi, kichwa kimeinama, kama alivyozoea. Cha. Cha. Cha-cha.

Akainua kichwa. Mbula alikuwa anatabasamu.

Filimbi ilipolia akamwendea Kivuva. "Mwalimu, huyo msichana mguu wake wa kushoto unachelewa."

"Unachelewa wapi, mzee? Anawashinda wavulana."

"Usitazame. Sikiza."

"Kwa hivyo nifunze watoto nikiwa nimefumba macho?" Watoto wakacheka, naye akacheka.

"Ndiyo. Fumba."

Kivuva akaacha kucheka. "Mzee Ndululu, hiyo ilikuwa maneno ya marehemu mama, Mungu amlaze. Mimi niko na wiki mbili tu. Wewe piga ngoma."

Ndululu akamwita msichana. Alikuwa amefunga njuga juu sana, karibu na goti, na chini yake kitambaa kimekazwa.

"Mbula. Kidole au kiganja?"

Msichana alilijua swali. Watoto wote wa huko walilijua. Kavata aliwauliza kaka zao na dada zao. Akapitisha kiganja juu ya mguu wote, haraka, kama mtu anayefuta vumbi mezani.

"Kiganja, babu. Ni uchovu tu. Naweza kwenda kula?"

Na Ndululu akaridhika. Hapo ndipo pa kumkasirikia. Sikio limemwambia moja, mtoto mwenye njaa amemwambia lingine, na yeye akachagua lile rahisi. Akarudi nyumbani.

Kesho yake alipita sokoni kwa Mutiso. Shemeji yake alikuwa fundi wa akala sasa, viatu vya mpira wa gari. Alikaa chini na kisu chake, mguu uliopinda umenyooshwa pembeni. Akala yake ya kulia ilikuwa na tabaka moja na ya kushoto tatu, na bado hazikulingana.

"Shemeji! Nasikia unapeleka watoto Nairobi. Mimi nimeanza kukata akala mapema. Za miguu miwili tofauti."

"Maneno gani hayo, Mutiso."

"Ya biashara. Yule Mbula wenu, mtoto wa Muthoki, atanunua ya kushoto nene, kama yangu. Nimemwona akipita hapa. Akidhani hakuna mtu, anachechemea. Akiona mtu, anakaza mwendo." Akakata kipande cha mpira, akakipuliza. "Mwambie nitampunguzia."

"Nilimuuliza. Akasema kiganja."

Mutiso akaweka kisu chini. Mara hii hakutania.

"Mimi pia dada aliniuliza asubuhi ile, kule Kathonzweni. Nilimwonyesha kiganja. Nani anataka kuachwa nje? Aliponiona nimedanganya ndipo akaenda kusimama nyuma yako. Kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa na mikono juu ya ngoma."

Miaka kumi na minane, na Ndululu hakuwa amelijua hilo.

Alikwenda kwa Muthoki, mama yake Mbula. Akamkuta anachambua mahindi ya manjano, punje moja moja.

"Mama Mbula, msichana analalaje?"

Muthoki hakuinua macho. "Anajigeuza. Anashika mguu. Zamani ilikuwa inauma akicheza, akikaa inaisha. Sasa inauma hata akiwa amelala."

"Na wewe unajua, na umemfunga kitambaa."

"Ndiyo, nilimfunga mimi!" Sasa akainua macho, na yalikuwa makali. "Ulitaka nifanye nini? Tuko sita hapa ndani. Akila huko, hawa wanashiba kidogo. Na yeye anaficha maharagwe kwa nguo analetea mdogo wake. Wewe umekuja kuniondolea hiyo sahani? Utaleta ingine?"

Ndululu hakuwa nayo.

"Siku moja imebaki ya maana, mzee," Muthoki akasema, sauti imeshuka. "Ile ya Kitui. Ikipita, atapumzika. Mimi mwenyewe nitamfungia ndani. Siku moja tu."

Ndululu alirudi kwa Kivuva akamwambia yote, hata ya usiku. Kivuva alisema siku moja tu. Chifu alisema siku moja tu. Mama amesema siku moja tu. Kila mtu mzima katika lokesheni alijua mguu wa mtoto huyo unauma mfupani, na kila mtu alikuwa na siku yake moja anayoitaka kutoka kwake.

*

Kitui walichezea ndani ya ukumbi. Sakafu ilikuwa ya simiti, imesuguliwa mpaka inang'aa. Ndululu aliipiga kwa kisigino. Ilirudisha maumivu mpaka kwenye nyonga.

"Mwalimu, tuombe tuchezee nje kwenye udongo."

"Majaji wamekaa ndani, mzee. Tuwabebe?"

Chifu alikuwa safu ya pili, na kofia yake. Kivuva akapuliza filimbi fupi. Ndululu akaanza.

Walicheza vizuri. Isifichwe. Wale watoto walicheza kama hawakuwa na njaa. Ukumbi ulisimama. Lakini kwenye simiti njuga hulia wazi kuliko kwenye udongo, na Ndululu alisikia tangu mwanzo. Cha-cha. Cha-cha. Sasa hata mtu asiyejua angesikia. Mguu wa kushoto ulikuwa unagusa chini kama unaogusa jiko.

Wavulana wawili wakainama. Mbula akapanda mabegani. Ngoma ikaanza kukoroma, polepole, kisha haraka. Msichana alikuwa juu kule, mikono imefunguka, anangoja pigo kubwa. Bila pigo hilo haruki. Ndivyo alivyofundishwa, mwili wake ulikuwa umefungwa kwa mkono wa Ndululu kama mbuzi kwa kamba. Filimbi ilikuwa mdomoni mwa Kivuva, kimya.

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Lakini Ndululu alisikia tena, waziwazi: Baba Ndila, acha ngoma.

Akaacha.

Akainua mikono yote miwili juu, waione. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Wavulana waligeuza shingo wakashangaa. Mbula alibaki juu, mikono wazi, haelewi.

"Mshusheni," Ndululu akasema. "Polepole. Asiruke."

"Piga!" Kivuva alikuwa ametoa filimbi mdomoni. "Mzee, piga ngoma!"

"Mshusheni."

Wakamshusha. Jaji mmoja akaandika kitu, akaweka kalamu chini. Mashindano kwa watu wa Matinyani yalikuwa yamekwisha.

Nje, chini ya ukuta, chifu hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya zaidi. "Umenivua nguo mbele ya wilaya nzima. Mzee kama wewe."

"Amelewa!" Kivuva akasema. "Amelewa ama amezeeka, chagueni!"

Na Mbula alikuwa analia kuliko wote. Alimjia Ndululu akampiga ngumi tumboni, ngumi ndogo ndogo. "Umeniua, babu! Ningeruka! Ningeruka! Sasa sitakula!"

Sikiza hilo. Hakusema sitakwenda Nairobi. Alisema sitakula. Na kofia ya chifu ilikuwa hapo hapo, na filimbi ya Kivuva hapo hapo, na wote wawili walisikia.

Ndululu alichuchumaa, magoti yakalia. "Mashindano yamekwisha, mtoto wangu. Huwezi kushinda tena kwa kusema uongo. Kidole au kiganja?"

Msichana alijifuta pua. Akakaa chini, akafungua njuga, akafungua kitambaa. Mfupa wa mbele ulikuwa umevimba katikati, ngozi inang'aa. Akanyoosha kidole kimoja, taratibu, akakiweka.

"Hapa."

Kulikuwa na dresa wa zahanati aliyeletwa kuangalia watoto siku hiyo, mtu wa asili ya pwani, jina lake Faki. Alikuja na sanduku lake, akapiga goti, akagusa pale pale kwa ncha ya kidole. Msichana akaruka.

"Nani amemkanda hapa?"

"Hakuna," Ndululu akasema.

"Alhamdulillahi. Wala asimkande mtu. Wala asimfunge mtu hivi, kitambaa hiki kilikazwa kama kinafunga mzigo." Akamwinulia uso Kivuva. "Mwalimu, tangu lini huyu binti anaumwa?"

"Hakusema kitu. Hawa watoto hawasemi."

"Amesema kwa mguu mzima, bwana, amechechemea. Ulitaka aandike barua?"

Walimpeleka hospitali, akapigwa picha. Faki alimwonyesha Ndululu ile picha kwenye mwanga wa dirisha. Kulikuwa na mstari mwembamba kwenye mfupa, kama unywele ulioanguka kwenye maziwa.

"Umeuona? Huu ni ufa. Mfupa umechoka kwa kurukishwa bila kupumzishwa, tena tumbo tupu. Angeshuka kwa kishindo chote juu ya simiti..." Akatikisa kichwa. "Mzee wangu, umejuaje?"

"Mke wangu alisikia," Ndululu akasema.

Faki alitazama nyuma yake kama kuna mama amesimama mlangoni. Hakukuwa na mtu.

*

Wiki sita bila kuruka, daktari alisema, kisha aonwe tena. Apewe maziwa kama yapo. Hayakuwepo.

Hakuna aliyemshukuru Ndululu. Hiyo si ajabu. Watoto walimzomea njiani wakipiga vidole kama ngoma na kunyamaza ghafla, mchezo mpya. Muthoki alipita upande wa pili wa njia. Mutiso peke yake alikuja nyumbani na akala mpya akaziweka mlangoni, tabaka zinalingana, akaenda zake bila mzaha hata mmoja.

Lakini chifu alikuwa ameshatangaza kwamba siku ya Jamhuri kutakuwa na ngoma kwake pia, na wageni. Kivuva alitafuta mpigaji mwingine Matinyani nzima, akatafuta mpaka kwa watu wa Tseikuru waliokuja kuuza mbuzi. Hakupata mkono kama ule. Basi siku moja mjumbe akaja, akasimama mbali kidogo, akasema mzee anaitwa.

Ndululu alikwenda na ngoma yake. Watoto kumi na mmoja walikuwa uwanjani. Sufuria ilikuwa pembeni, na mvuke wake. Mbula alikuwa nje ya uzio wa miiba, amekaa na mguu umenyooshwa, anatazama sufuria. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwita.

Ndululu aliigeuza ngoma, mdomo chini, akaikalia.

"Haya mzee," Kivuva akasema. "Tuanze."

"Ngoma hailii mpaka yule ale."

"Yule hachezi. Sheria ni—"

"Mguu wake ulivunjikia hapa. Si kwao. Kila mtoto aliyeumia hapa atakula hapa mpaka apone. Na isyo italiwa kwanza, ndipo waruke baada ya kupumzika. Na wakiruka leo, kesho hawaruki, na kesho watakula vilevile."

"Mzee, unaamrisha wewe?"

"Mimi sijui kusoma. Siamrishi mtu. Nimekaa tu."

Akakaa. Jua likapanda. Kivuva alikwenda ofisini kwa chifu, akarudi, akaenda tena. Chifu alitoka mlangoni, akamtazama mzee aliyekaa juu ya ngoma, akafikiria wageni wake. Akafanya ishara kwa mpishi kwa mkono, hivi, kama anafukuza nzi, akarudi ndani.

Mpishi akajaza sahani. Mbula aliingia akichechemea, bila kukaza mwendo sasa, akaketi akala. Akala hadi sahani ikalia kwa kijiko.

Wale kumi na mmoja walimtazama. Walitazama mguu wake, wakatazama sahani, wakamtazama Kivuva, aliyekuwa amegeukia upande mwingine. Kisha mvulana mmoja, wa wale wawili wa mabega, alikuja mbele ya Ndululu, akageuka, akainua shati. Akanyoosha mkono nyuma akaweka kidole chini ya mgongo.

"Babu. Hapa."

Nyuma yake akaja msichana aliyeshika kisigino. Halafu mwingine, goti. Halafu wawili pamoja.

Watoto watano. Kati ya kumi na mmoja, watano. Walikuwa wameruka na maumivu hayo kila siku, wanatabasamu, mbele ya watu wazima wote wenye macho, naye Ndululu akiwapigia ngoma.

Hakuinuka pale alipokaa. Aliwaambia waketi karibu na Mbula, na akamwambia mpishi alete sahani tano.